Ngozi ya Mbega Siku ya Kumzika Mzee

Tuliokuwa sebuleni siku ile kabla ya maziko ni hawa. Mimi mjane, nimekaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa baba yao, na ambaye alikuwa amefika asubuhi kwa basi la kutoka magharibi akiwa na fimbo na mfuko mmoja. Mwanangu wa kwanza, anayekaa Kiamunyi. Binti ya huyo mwanangu, mjukuu ambaye mimi na mzee tulimlea tangu hajajua kutembea, na ambaye sasa ni askari wa wanyama kwenye hifadhi ya ziwa. Jirani yetu wa shamba la Bahati, mama Mkikuyu ambaye tumepakana naye tangu tununue lile shamba. Na mchungaji, ambaye alikuja kupanga nyimbo akajikuta ndani ya kikao kingine. Mzee mwenyewe, mume wangu, hakuwepo. Alikuwa mochari.

Majina ya wote nayajua, ya kubatizwa na ya nyumbani, lakini nimeyaacha. Jambo hili liligusa kazi ya mtu na sitaki limrudie.

Katikati yetu, juu ya meza ya chai, ilikuwa ile ngozi. Ni ngozi ya mbega, yule nyani mweusi wa msituni mwenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkia mweupe kama sufu iliyochambuliwa. Si ngozi moja. Ni kadhaa zimeshonwa pamoja mpaka zinafunika mabega ya mwanaume na kushuka nyuma hadi magotini. Mikia imeachwa inaning'inia. Shemeji yangu ndiye aliyeenda chumbani akaitoa chini ya kitanda bila kuniuliza, akaikung'uta mara moja, vumbi likatua kwenye vikombe.

Nieleze kwanza kwa nini ngozi iwekwe mezani wakati watu wana msiba.

Kwa ukoo wa mume wangu, mzee aliyeona wajukuu hafukiwi hivi hivi tu. Kabla ya udongo kurudishwa, mwanaume mmoja wa ukoo anavaa mbega mabegani, anatembea mbele ya watu akienda na kurudi, akisema. Anasema walikotoka, nani alimzaa nani, nani aligombana na nani, nani walipatana na kwa nini. Watu wanamsikiliza wamenyamaza. Asiyevaa mbega hawezi kusema maneno hayo. Akisema, ni kama mtu anasoma matangazo kanisani.

Ngozi hii ilitengenezwa na baba mkwe wangu. Alikuja Nakuru na kazi ya reli, ya kutengeneza njia, na Jumapili yeye na wenzake walikuwa wanapanda msitu wa juu kule Bahati na mishale na mbwa. Aliniambia mwenyewe nilipoolewa kwamba mbega si mnyama wa kusumbua. Hakimbii sana. Anakaa juu ya mti anakutazama, na wewe unamtazama, halafu anaanguka. Alikuwa anasema hivyo huku akicheka, na mimi nilicheka, nilikuwa msichana na ni baba mkwe anaongea. Hakuna mtu aliyeuliza ruhusa ya nani. Mnyama wa msitu alikuwa wa aliyemuona.

Mume wangu aliivaa akimzika baba yake. Akaivaa tena akizika baba zake wadogo. Baadaye watu wa kwetu walipozidi kufa huku huku badala ya kurudi nyumbani, wale wa reli na wale wa viwanda, ngozi yetu ilikuwa inaazimwa hapa mtaani kwetu Section 58 vile kanisa linaazima viti. Inaenda kwa huyu, inarudi, inaenda kwa yule. Ikirudi mimi ndiye naiangalia kama kuna mkia umekatika.

Kuitunza ilikuwa kazi yangu. Nondo wanapenda sana vitu kama hivyo. Kila mwezi wa kumi na mbili naitandika juu ya ua iote jua, naichana na kitana cha meno mapana, narudisha majani ya tumbaku ndani ya mikunjo. Watu wakipita barabarani walikuwa wanasimama. Wanasema, "Hiyo nyumba iko na mzee." Watoto wanaomba kushika mikia. Nilikuwa nawaachia, mmoja mmoja, na nawaambia wanawe mikono kwanza.

Siwezi kusema ni mwaka gani ilianza kubadilika. Najua kwamba mwanangu wa kwanza alipokuwa shule ya msingi aliingia chama cha kupenda wanyama, akarudi nyumbani na picha ameichora ya mbega. Akamwambia baba yake mwalimu amesema huyo ni utajiri wa nchi. Baba yake akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Utajiri wa nchi uko hapo nje kwa ua unaota jua." Mtoto naye akacheka. Hatukuona kitu.

Halafu kanisani. Kuna mchungaji wa zamani, si huyu, aliyekataza ngozi kwa sababu ya mizimu. Mume wangu alibishana naye msimu mzima na mwishowe kanisa likanyamaza. Kwa hivyo tulijua ngozi ina adui, lakini adui huyo tulimzoea na tulimshinda.

Huyu mwingine hatukumjua. Alikuja hivi. Nyumba iliyopakana na yetu ilipata wapangaji, mke na mume vijana, watu wazuri, wananisalimia. Siku moja nimeitandika ngozi kwa ua, yule mama akapita na mtoto wake ametoka shule. Mtoto akauliza, "Mami, nani amewaua?" Hakuuliza ni nini. Aliuliza nani amewaua. Mama yake akamvuta mkono, na wakati anamvuta aliniangalia. Aliniangalia vile mtu anaangalia nyumba inayouza chang'aa. Alisalimia, ndiyo. Akapita.

Hakuna polisi aliyekuja. Wala hatukuletewa barua. Mwezi wa kumi na mbili uliofuata niliianika ndani ya stoo, kwenye dirisha, na nikajiambia ni kwa sababu ya mvua.

Na huyo huyo mume wangu, baada ya kustaafu, alikuwa anamchukua mjukuu wetu Jumapili baada ya ibada, wanaenda kusimama kwenye ua wa hifadhi. Hawakuingia, walisimama tu nje wakichungulia. Nyati wako upande wa pili, ndege wako mbali majini, na yeye anamfundisha majina ya wanyama kwa lugha ya kwetu na kwa Kiswahili. Mtoto anarudi amechoka anaongea mpaka analala na chakula mdomoni. Nilipokuwa mdogo mimi, sisi tulikuwa tunawafukuza wale ndege kwa mawe ili tuwaone wakiruka, ndiyo ilikuwa raha yetu. Huyu mtoto ungerusha jiwe mbele yake angekulilia.

Alipoajiriwa alikuja na yunifomu ya kijani. Mzee akamwambia asimame pale kwa geti la nyumba, asimame tu, watu wapite wamuone. Alisimama. Jioni, mtoto akiwa ameenda kambini kwao, mzee alipanda kwenye kiti akaitoa ngozi kwenye msumari wa sebuleni, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda. Sikumuuliza na yeye hakusema. Nilidhani ni nondo.

Lakini akiwa amelazwa, siku zile za mwisho, alipigia ndugu yake simu akamwambia, "Utavaa ngozi." Nilikuwepo. Nilimshikia simu mimi mwenyewe kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Hilo neno lilisemwa na sitalificha.

Sasa turudi sebuleni.

Shemeji alianza. "Mlikataa tumpeleke nyumbani, nikanyamaza. Sawa. Shamba ni lake, alinunua na jasho la reli. Lakini mtu akizikwa ugenini bila ngozi, huyo amezikwa kama kibarua wa msimu. Mimi sitakuja kutoka kule kote nizike kibarua."

"Hakuna anayesema hivyo, baba mdogo," mwanangu akasema.

"Huyu ndiye anasema." Alimwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Amekaa hapo ananitazama kama mimi nimevunja duka."

Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, hana yunifomu, amejifunga leso yangu. Macho yalikuwa yamevimba. Alimwita kuka, babu, kama alivyokuwa anamwita mzee. "Kuka, naomba niseme."

"Sema, askari."

Watu wakacheka kidogo, hata yeye. Kisha akavuta ngozi kwa upole akaanza kuinua mikia, mmoja, halafu mwingine, anaweka kila mmoja kando juu ya meza. "Kila mkia ni mmoja wao," akasema. "Ni hilo tu nataka muone."

"Hao walikufa babako hajazaliwa. Unataka tuwafufue?"

"Hapana, kuka. Lakini ukivaa wewe, mwenye hana atatafuta yake. Juzi tumeshika vijana wawili na ngozi mbichi kwa gunia. Tukawauliza ni ya nini. Wakasema ni ya matanga. Kuna mzee amekufa na familia yake inataka aonekane mzee. Hao vijana hata si wa kwetu, kuka. Wamesikia tu kuna soko."

Shemeji akachukua kikombe.

Jirani yangu wa Bahati ndiye aliyeingilia. Ni mtu wa maneno, na nilijua anataka kupunguza joto. "Siku hizi nyani ana wakili. Mimi wamenimalizia mahindi ya kule mtoni. Nikapiga simu ofisi yenu, nikaambiwa, cucu, usiwapige, piga sufuria. Nimepiga sufuria mpaka imetoboka. Sasa sina mahindi na sina sufuria."

"Hao ni nyani wa kawaida, cucu," mjukuu akasema, akimwita bibi kwa Kikikuyu. "Mbega anakula majani. Hashuki kwa mahindi."

"Hiyo ni kwako umesoma. Kwangu mimi wote wako na mikia."

Hapo tulicheka wote, na mchungaji pia, na mimi nikasikia sauti yangu ikicheka. Nasema nilisikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu mzee akate roho nilikuwa kama mtu ametoka kung'olewa jino. Unagusa mdomo, upo, lakini si wako. Watu walikuwa wananishika mkono wananiambia jikaze, na mimi sikuwa nimelegea popote. Nilikuwa nafikiria kabichi. Kulikuwa na kabichi jikoni zimekatwa tangu asubuhi na hakuna mtu ameziosha.

Mwanangu akasema, "Si tuvae haraka haraka. Baba mdogo aongee kidogo, avue, yaishe. Tutaomba watu wazime simu."

"Baba," binti yake akamwambia, "nani atazima simu Bahati nzima? Kabla hajavua, itakuwa imefika kwa mkubwa wangu."

"Kwa hivyo ni kazi yako," shemeji akasema. "Sema hivyo basi. Sema unaogopa mshahara. Hiyo nitaelewa."

"Naogopa, ndiyo. Lakini si hiyo tu."

Shemeji akamgeukia mchungaji. "Na wewe mtumishi? Kanisa linasema nini?"

Mchungaji alikohoa. "Zamani tulikataza kwa sababu ya mizimu. Hilo tuliacha. Sasa..."

"Sasa mtakataza kwa sababu ya nyani?"

Mchungaji akaangalia viatu vyake. Ni kijana, na nilimhurumia, au nilijua kwamba hapo ndipo mtu angemhurumia.

Ndipo niliongea mara ya kwanza. Nilimuuliza mjukuu, "Ikivaliwa, utanishika mimi?"

"Hapana, kukhu," akasema, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

"Utamshika huyu?"

"Hapana. Sitakuja kaburini." Alisema taratibu, hakuwa anatisha mtu. "Nitakaa kule Bahati chini ya shamba, kwa kinu cha kusagia, mpaka mmalize. Nikiwepo nikaona, nina kiapo, lazima niripoti. Nisipokuwepo sijaona. Na hata wangenifukuza kazi kesho, kukhu, sidhani ningeweza kusimama hapo nikitazama hiyo kitu ikitembea. Kuka ndiye alinionyesha hao wanyama. Nitamwangalia vipi chini hapo?"

Shemeji alikuwa anageuza fimbo kati ya magoti. Wote wakaniangalia. Sijui kwa nini kila kitu hungojewa mjane aseme, wakati siku nyingine zote anaambiwa anyamaze.

Upande mmoja, mume wangu alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa mdomo wake. Hakuomba jeneza zuri wala hema. Upande wa pili kuna mtoto aliyemlea kwa mikono yake, na huyo mtoto angekaa kwenye kinu akisikiliza nyimbo kutoka mbali. Nilijaribu kusikia ni upande gani unauma zaidi nichague huo. Hakuna uliouma. Yote yalikuwa sawasawa kama ukuta. Kwa hivyo niliangalia tu nani angekuwepo na nani hangekuwepo. Mzee angekuwepo hata iwe nini. Ni wake.

"Mtoto atasimama kaburini," nikasema.

"Na ngozi?" shemeji akauliza.

"Itabaki hapa."

"Mke wa ndugu yangu. Alikuambia wewe utoe hiyo amri?"

"Hakuniambia."

"Aliniambia mimi nivae."

"Nilikuwepo. Nilishika simu."

Alisimama, akavaa kofia yake, akaenda hadi mlangoni. Halafu akarudi akaketi, kwa sababu basi la siku hiyo lilikuwa limeshaondoka. "Basi nitaongea mabega wazi," akasema. "Kama karani."

Nikaenda jikoni kuosha kabichi.

Siku ya maziko kule Bahati kulikuwa na watu wengi kuliko viti. Wa reli waliobaki walikuja, wa kanisa, majirani wa kile kilima chote, na basi zima la watu kutoka magharibi waliosafiri usiku. Mjukuu wangu alisimama upande wa miguu ya kaburi, amevaa nguo nyeusi, mikono nyuma vile wanavyofundishwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele chini ya hema na niliweza kumuona vizuri.

Shemeji alipotoka mbele akiwa na koti tu, nilisikia wale wa basi wakinong'ona. "Iko wapi?" "Iko wapi ya mzee?" Mmoja wao, mzee ninayemjua tangu nilipoolewa, alisema kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Huku Nakuru wanazika watu kama wanafunga duka." Wenzake wakaguna.

Alianza vizuri. Alianza kutembea, akasema walikotoka, mto walioufuata, jina la yule wa kwanza aliyejenga. Akamtaja aliyefuata. Lakini mikono yake haikujua ikae wapi. Na hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nimekiona miaka yote bila kukijua. Mtu akivaa mbega na akifika mahali amesahau, huwa anageuka, anaikung'uta ngozi, mikia inaruka, watu wote wanatazama mikia, na katika huo muda jina linarudi. Mume wangu alikuwa anafanya hivyo. Baba yake bila shaka alifanya hivyo. Watu walidhani ni mbwembwe.

Shemeji aligeuka, akainua mkono kukung'uta, na hapakuwa na kitu. Mkono ukabaki hewani. Akaurudisha mfukoni. Akasimama.

Alisimama sana. Vijana walikuwa wameinua simu zao wanamchukua picha. Mtoto mmoja akalia mahali nyuma akanyamazishwa. Yule mzee wa basi akatikisa kichwa kama mtu aliyetabiri. Na nikamuona mjukuu wangu, pale miguuni, uso umebadilika. Alijua watu watasema ni yeye. Kwamba ni yeye aliyenyang'anya babu yake maneno.

Mimi nilikuwa nalijua jina. Kabla ya kila matanga mume wangu alikuwa anafanya mazoezi usiku, anatembea kati ya kitanda na kabati, na mimi napiga pasi. Akikosea namrudisha. Miaka yote hiyo. Ukoo si wangu, nimeolewa tu, lakini niliujua kama ninavyojua nyimbo za kanisa, bila kufikiria.

Nikalisema. Nimeketi vile vile kwenye kiti, nikalitaja lile jina.

Mwanamke hasemi pale. Mjane ndiyo kabisa. Shemeji aliniangalia, na nilidhani atanikemea mbele ya watu. Badala yake akalirudia, kwa sauti yake kubwa, akaendelea na aliyezaliwa na huyo, na ugomvi wao wa ng'ombe, na jinsi walivyopatana. Akakwama tena. Nikasema tena. Tukaenda hivyo, yeye akitembea na mimi nimeketi, mpaka tukafika kwa baba mkwe, halafu kwa mume wangu. La mume wangu hakuhitaji kusaidiwa. Alilisema mwenyewe, na akalisema mara mbili.

Watu waliniambia baadaye nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilitaka kimya kile kiishe, wafukie, watu wapewe chakula. Mjukuu wangu alichukua udongo akatupa ndani, akalia mpaka mwanangu akamshika mabega. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia jinsi jembe moja lilikuwa na mpini mpya mweupe na mengine yote ya zamani.

Wakati wa kula shemeji alikuja akaketi kando yangu na sahani yake. Alikula nusu. Kisha akasema, "Wawili uliwapindua."

"Nani?"

Akawataja. "Huyu ndiye mkubwa. Wewe ulimtanguliza yule."

"Ndivyo ndugu yako alivyokuwa anasema."

"Basi alikuwa anakosea, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu ya ile ngozi." Akatafuna. "Mtu akivaa ile kitu huwezi kumwambia amekosea." Na akacheka kidogo, kwa pua, halafu akafuta macho na kitambaa cha mkononi. Yule mzee wa basi alipopita, shemeji alimwambia, "Funga mdomo, duka limefungwa," na wakashikana mikono.

Aliomba ngozi aende nayo. Nilimkatalia. Kama ingevuka kwenda huko ingevaliwa huko, na simu ziko huko pia. Wiki iliyofuata mjukuu wangu aliniambia ukiipeleka mwenyewe kwa hiari ofisini kwao wanaipokea, akaniomba niende naye ili isionekane amenikamata. Nilienda. Niliifunga kwa shuka. Afisa aliyeipokea ni msichana mdogo, aliifungua juu ya dawati, akaigeuza, akapitisha vidole kwenye manyoya. "Imetunzwa vizuri sana, mathe," akasema. Nikamwambia ni tumbaku. Alisema huenda itawekwa ya kufundishia watoto wa shule, au huenda itachomwa, si yeye anayeamua. Sijauliza tena.

Kule magharibi wako wanaosema niliiuza. Wajukuu wengine, wale wa mjini, waliandika kwenye simu zao kwamba kukhu ni mtu wa kisasa, wakaweka na picha za mikono ya kupiga makofi. Nilisomewa yote mawili siku moja. Sikuona lolote linalonihusu. Mimi si wa kisasa. Baba mkwe alipoua wale wanyama hakuwa mtu mbaya, na aliheshimiwa kwa ngozi hiyo hiyo ambayo leo ningeogopa kuianika juani. Wanyama ni wale wale, wanakaa juu ya mti wanatazama. Watu wanaowatazama ndio wamebadilika, na mimi nimeishi muda mrefu hata nikakuta pande zote mbili ndani ya nyumba moja.

Juzi mama mmoja wa kwetu, hapa hapa Section 58, mume wake ni mgonjwa, alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana mzee kuzikwa bila mbega na bado akawa mzee. Nilimwambia wetu alizikwa. Sikuwa na lingine la kumwambia.

Nimeandika polepole, shule yangu ilikuwa ndogo, na nimeandika vile nakumbuka. Kama ulikuwa sebuleni na nimekupa maneno ya mwingine, nirekebishe. Kama wewe ni wa ukoo ule na unajua kati ya wale wawili nani alitangulia kuzaliwa, nirekebishe, hata kama itakuwa shemeji ndiye alisema kweli. Na kama kuna mtu yeyote, wa reli, wa kanisa, wa wodi ile aliyolazwa, aliyemsikia mume wangu akisema neno lingine kuhusu ngozi baada ya lile alilosema kwa simu, aje aniambie. Mimi nilisikia moja tu, na sikulifuata. Inaweza kuwa kulikuwa na lingine na nilikuwa nimetoka kununua maziwa.